Simu Niliyopaswa Kuzuiwa Kuipiga

Nilikuwa mkaguzi wa taasisi za fedha serikalini. Baadaye nilienda kufanya kazi kwa wale wale niliokuwa nikiwakagua, kisha nikarudi kwa mlango wa nyuma kuiharibu kazi niliyoifanya mwenyewe. Hakuna sheria iliyonizuia. Silisemi hilo kujitetea, maana nilijua ninachofanya.

Kazi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja wa karatasi. Mkopaji mdogo akisaini mkopo wa shilingi 500,000 alikatwa juu kwa juu ada ya fomu, ada ya kushughulikia mkopo na bima, akaondoka na pungufu. Riba ilihesabiwa kwenye 500,000 nzima. Tuliandaa rasimu ya waraka wa kumtaka kila mkopeshaji ampe mteja ukurasa mmoja kabla hajasaini, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, wenye mistari miwili juu kabisa: fedha utakazopokea mkononi, na jumla utakayorejesha. Mistari hiyo niliiandika mimi. Niliipigania vikaoni mpaka wanasheria wetu wakachoka kubishana nami, kwa sababu nilikuwa nimekaa na akina mama wauza mboga ambao hawakujua wanadaiwa nini hasa mpaka walipofuatwa kuchukuliwa makochi.

Kabla waraka haujatoka, niliacha kazi. Kampuni moja ya mikopo ilinipa mshahara ambao serikalini nisingeuona hata ningekaa hadi kustaafu. Kazi yangu mpya ilikuwa kusimamia uhusiano na mamlaka, na sikuhitaji kufafanuliwa maana yake. Haukupita muda mkurugenzi akaniuliza kama naweza kuzungumza na watu wangu kuhusu ule ukurasa.

Nikampigia binti niliyemfundisha kazi tangu alipotoka chuoni, ambaye sasa ndiye aliyeshika faili.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Ule waraka wetu umefikia wapi?”

Nikamwambia kwamba mifumo ya kompyuta ya wakopeshaji haiwezi kutoa hesabu ile, wapewe angalau mwaka mmoja wajipange. Huo ulikuwa uongo. Mfumo wa kampuni yangu ulikuwa ukitoa takwimu zote mbili kwa kubonyeza kitufe, na nililijua hilo kwa kuwa niliuona kwa macho yangu nilipokwenda kuikagua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kama wewe mzee umeona hivyo, sawa.” Waraka ukaahirishwa. Ulipotoka hatimaye, ile mistari miwili ilikuwa imesukumwa kwenye kiambatisho cha nyuma ya mkataba, mahali ambapo mwenye shida ya fedha hafiki kabla ya kusaini.

Sikutoa bahasha. Sikumnunulia hata soda. Kwetu tukitaja ufisadi, akili inakimbilia kwenye noti, na ndiyo maana watu wa aina yangu tunapita kila lango bila kuguswa. Nilichokitumia ni heshima. Binti yule amelelewa kutombishia mkubwa, tena mkubwa aliyemfunza kazi. Vilevile alijua kwamba siku akitaka kutoka serikalini, mtu atakayeulizwa habari zake ni mimi. Hakuna kanuni ya rushwa inayoweza kuikamata simu ya namna ile. Inayoweza ni ile inayosema kwamba aliyetoka haruhusiwi kupiga.

Wengine wamelijifunza hili kwa gharama. Marekani, mkaguzi kiongozi wa serikali katika benki ya Riggs mjini Washington alihamia kwenye benki hiyo hiyo mwaka 2002. Miaka miwili baadaye uchunguzi wa Seneti ukaanika jinsi benki ilivyohudumia akaunti za Augusto Pinochet, dikteta wa zamani wa Chile, na za watawala wa Guinea ya Ikweta, huku usimamizi ukilegea. Mwaka huo huo wa 2004 Bunge likapitisha katazo: mkaguzi kiongozi wa benki asiajiriwe na benki aliyoikagua mpaka mwaka mmoja upite. Lakini sheria yao pana zaidi, inayomzuia ofisa maisha yake yote kurudi kuitetea kesi aliyoishughulikia, inahusu mambo ya wahusika mahususi, kama kesi au mkataba. Kanuni inayowagusa wakopeshaji wote haimo. Maana yake mtu kama mimi, aliyeandika kanuni kisha akaipinga, hata huko katazo hilo la maisha lisingemgusa.

Ulaya nako, Adam Farkas, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia mabenki, aliruhusiwa kwenda kuongoza AFME, chama kinachosemea mabenki makubwa, mapema mwaka 2020. Aliwekewa masharti, likiwamo la kutowashawishi wenzake wa zamani kwa miaka miwili. Ombudsman wa Ulaya wakati huo, yaani mchunguzi wa malalamiko dhidi ya taasisi za Umoja huo, Emily O’Reilly, akasema hayo hayatoshi, kwamba mamlaka ilipaswa kumkatalia kabisa. Nakubaliana naye. Mimi ningewekewa sharti kama lile, ningekaa kimya, nikamwandikia mwingine maneno ya kusema na namba ya kupiga.

Kwa hiyo ninachokidai ni kikubwa kuliko kupiga marufuku vikao. Aliyekuwa msimamizi wa fedha asikae kwenye kazi ya ushawishi wa sekta hiyo, mbele ya pazia wala nyuma yake, kwa miaka miwili, na kwa kanuni aliyoiandika mwenyewe asirudi kabisa. Kila simu na kila ujumbe kutoka kwa ofisa wa zamani uandikwe kwenye jalada siku ile ile, pamoja na kilichoombwa. Mwajiri anayemtumia aadhibiwe pamoja naye, maana bila yeye soko la ushawishi wa namna hii halipo.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nililitoa mimi mwenyewe kwa miaka: mtaalamu naye ana watoto wa kusomesha, na serikali ikibana hivyo haitapata wenye akili. Hoja hiyo ina ukweli wake na haifai kudharauliwa. Basi alipwe sehemu ya mshahara wakati wa kungoja. Aruhusiwe kufundisha, kufanya hesabu, kukagua ndani ya kampuni, kazi tele zisizohitaji kumpigia mtu simu. Gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ada walizokatwa watu kwa muda wote ule waraka ulipolala.

Yule binti nimemwomba radhi. Aliniambia kwamba siku ile alishtuka na alitamani kukataa, ila hakuona kanuni ya kuishika mkononi aniambie, “Mzee, hairuhusiwi.” Nimeandika maelezo ya simu ile, niliyoyasema na niliyoyajua, nikasaini na kuyapeleka mamlakani yaunganishwe kwenye jalada la waraka. Nimeomba pia ile mistari miwili irudishwe juu ya ukurasa wa kwanza.