Wosia wa Hospitali

Bibi yangu alikuwa na sanda yake tayari miaka kumi na mbili kabla ya kufa. Aliinunua mwenyewe Tanga mjini, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na udi, pamba na karafuu maiti. Kila Ramadhani ikikaribia aliitoa, akaianika kivulini, akairudisha. Wajukuu wote tulijua atazikwa upande gani wa babu, nani achukue shamba la michungwa la bondeni, nani asipewe hata chungwa moja, na deni la nani lilipwe kwanza.

Ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza anataka nini siku akilazwa.

Mwaka figo zake zilipoanza kuchoka alikuwa na miaka 84. Presha alikuwa nayo tangu mimi niko shule ya msingi, sukari ikaja baadaye. Miguu ikaanza kuvimba, chakula kikawa kinamchefua, akawa anasinzia katikati ya maneno yake mwenyewe. Mimi ni mwandishi wa habari, naishi Dar es Salaam, na katika ukoo wetu mtu wa aina hiyo hupewa kazi ya "kujua watu". Nikajua watu. Ndani ya siku tatu Bibi alitolewa kijijini kwake karibu na Muheza, akapandishwa gari, akashushwa kwenye hospitali moja kubwa jijini, mjukuu wake akimsubiri mlangoni na faili la plastiki kwapani kama anakwenda kumhoji waziri.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Ndiyo umenileta huku kwenye baridi?"

Baridi yenyewe ilikuwa kiyoyozi.

Siku tano za kwanza nilijiona mjukuu bora kuliko wote. Kila asubuhi kulikuwa na kipimo: damu, mkojo, ultrasaundi ya tumbo, moyo, kifua, damu tena. Kila karatasi niliipiga picha nikaituma kwenye grupu la familia, na kila picha ilileta mchango na "Allah ampe shifaa". Mikono ya Bibi ikawa na michubuko myeusi, utadhani alikamatwa kwa nguvu. Siku ya sita daktari kijana akasema damu yake iko chini, hivyo inabidi kupitisha kamera kwenye utumbo mpana, huenda kuna uvimbe unaovuja. Kiukweli ningesaini. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Aliyenizuia ni daktari bingwa wa figo, mama mmoja wa makamo aliyepita wodini jioni ile. Alisoma faili lote akiwa amesimama, kisha akaniuliza: "Tukikuta uvimbe, tutampasua?"

Kwa hali hii? Hapana.

"Atavumilia dawa za saratani?"

Hapana.

"Sasa hicho kipimo tunampimia nani?"

Akanieleza kwamba figo ndizo zinazotoa homoni inayouambia uboho utengeneze damu. Figo zikifa, damu hupungua, na kwa mgonjwa huyu maelezo hayo yalitosha. Kamera ingemtaka afunge kula, anywe madumu ya dawa ya kuharisha usiku kucha, ashikiliwe kila akienda chooni. Haya yote ili tupate jibu ambalo tusingelifanyia kazi yoyote.

Swali lile lilinikaa kichwani kwa sababu lilikuwa linapinga imani ya kazi yangu. Mwandishi anaamini kwamba kujua ni bora kuliko kutojua, basi. Nilikuwa nachukulia kipimo kama swali kwenye mahojiano: ukiuliza hupotezi kitu. Lakini kipimo huzaa kipimo kingine, na hicho huzaa kisu. Ndiyo maana jopo la wataalamu wa kinga la Marekani, katika mwongozo wake wa 2018, linashauri wanaume wa miaka 70 na zaidi wasipimwe PSA kutafuta saratani ya tezi dume. Sababu si kwamba wazee hawana thamani. Saratani nyingi za aina hiyo hukua polepole, mzee anaweza kuishi nayo mpaka afe kwa jambo lingine, wakati kutolewa vinyama vya kupima na matibabu yanayofuata vinaweza kumwachia maambukizi, au kumfanya ashindwe kuzuia mkojo. Anaingia hospitali akiwa mzima, anatoka akiwa mgonjwa wa kitu ambacho kisingemuua.

Kamera ikafutwa. Kilichobaki kilikuwa kikubwa zaidi. Figo za Bibi zilikuwa zimebaki na chini ya asilimia 15 ya uwezo wake, na daktari alituwekea njia mbili. Ya kwanza, kusafisha damu kwa mashine: mpira shingoni kwanza, baadaye mshipa wa mkononi, mara tatu kwa wiki, kila kikao muda wa saa nne hivi, bila mwisho. Kijijini kwake mashine haipo, kwa hiyo angehamia kwa shangazi Temeke moja kwa moja. Ya pili, kumtunza bila mashine: dawa za presha, za kutoa maji mwilini, za kichefuchefu na mwasho, chumvi kidogo, nyumbani kwake. Kwa njia hii huenda angeishi miezi, pengine mwaka au zaidi kidogo. Hakuna aliyeweza kusema.

Usiku ule nilifanya ninachojua kufanya, nikasoma. Nilikuta utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika New England Journal of Medicine, uliofuatilia watu zaidi ya 3,700 wa nyumba za wazee Marekani baada ya kuanza kusafishwa damu. Ndani ya mwaka mmoja, 58 katika kila 100 walikuwa wamekufa, na 13 tu katika kila 100 walikuwa bado na uwezo uleule wa kujihudumia waliokuwa nao kabla ya mashine. Bibi hakuwa mtu wa nyumba ya wazee. Wiki tatu nyuma alikuwa akifagia uwanja wake mwenyewe. Lakini sikuweza tena kusema kwamba mashine ni uhai na nyumbani ni kifo.

Kikao cha familia kilikaa sebuleni kwa shangazi. Ba'mdogo, ambaye ndiye mwenye uwezo kati yetu, alisema hakuna mjadala: hela ipo, mashine ipo. "Tukimrudisha kijijini watu watasema tumemtupa mama. Na kukataa tiba ni dhambi." Shangazi alikuwa ameshamuuliza shehe wa msikitini kwao, na shehe alimjibu kwamba kutafuta tiba kunahimizwa, lakini mtu mzima mwenye akili zake halazimishwi tiba ambayo faida yake haina uhakika. Ba'mdogo akasema yule shehe hana mama. Tukabishana saa mbili nzima. Nikashtuka katikati ya maneno yangu: mwenye figo yuko kilomita chache kutoka pale, ana akili timamu, na hatujamwambia chochote.

Aibu yangu ilikuwa mara mbili, kwa sababu nilishasoma kitabu juu ya jambo hilihili. Katika *Being Mortal*, kilichotoka 2014, daktari Atul Gawande anasimulia habari za mwanamke mmoja, mtaalamu wa tiba shufaa, aliyemuuliza baba yake kabla ya upasuaji wa hatari ni maisha ya namna gani angeweza kuyavumilia. Mzee akajibu kwamba akiweza kula aiskrimu ya chokoleti na kutazama mpira kwenye televisheni, inatosha. Jibu lile ndilo lililomwongoza binti yule madaktari walipomrudia na swali gumu. Nilikisifia sana kitabu kile kwa marafiki. Kumbe nilikisoma kama habari za watu wa mbali.

Kesho yake nilikaa kitandani kwa Bibi, shangazi akiwa pembeni kama shahidi.

"Bibi, madaktari wanataka kujua wewe unatakaje."

"Wanataka wao, au unataka wewe?"

Nikamweleza mashine. Akasikiliza huku akikunja ncha ya kanga, kisha akauliza maswali matatu. Figo zitapona? Hapana. Nitalala kwangu? Hapana, utakuwa Temeke. Itaisha lini? Haiishi.

"Basi hiyo siitaki," akasema. "Mimi nimemzika mume, nimezika watoto wawili. Siogopi kufa, naogopa kufa nikiwa mgeni." Shangazi akaanza kulia. Bibi akamwacha alie, akanigeukia mimi. "Ila hili jicho mbona hamlisemi? Nimewaambia miaka miwili sioni."

Ilikuwa kweli. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kila alipolalamika tulimjibu, "Uzee huo, Bibi." Tulikuwa tayari kuchanga mamilioni kwa ajili ya figo zisizopona, wakati jicho lenye tiba tulilisamehe. Alitaka kusoma juzuu yake, na alitaka kumjua mtu anayeingia uwanjani kabla hajasema hodi.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji wiki mbili baadaye, kwa ganzi ya jicho tu, muda usiofika nusu saa. Bandeji ilipotolewa alinitazama kwa makini, juu mpaka chini. "Kumbe umenenepa hivi."

Aliishi miezi kumi na moja, karibu yote kwake. Muuguzi wa tiba shufaa alikuwa akipiga simu kila wiki na kuja alipoweza. Wengi wetu tunadhani tiba shufaa ni jina la heshima la kuambiwa "mrudisheni nyumbani". Niliyoiona mimi ilikuwa kazi ngumu: kupunguza dawa zisizo na maana tena, kuongeza ile ya mwasho, kumfundisha binamu yangu namna ya kumgeuza asipate vidonda.

Sitaki kudanganya kuhusu mwisho. Haukuwa mtulivu kama wa kwenye hadithi. Siku tisa za mwisho pumzi ilimsumbua, na usiku wa nane hakuweza kusema. Ba'mdogo alipiga simu saa nane za usiku: "Mlete Dar sasa hivi, nalipa mimi." Gari lilikuwa nje, dereva ameshaamka. Sikuwa na karatasi yoyote yenye sahihi. Nilichokuwa nacho ni maneno yake ya kitandani, na shangazi aliyeyasikia. Nilimwambia dereva akalale. Tukampa mofini ya maji, kipimo kidogo kama muuguzi alivyotuelekeza kwa sababu ya figo, maana dawa ile hutuliza maumivu na hupunguza pia mateso ya kukosa pumzi. Alfajiri kupumua kukawa kwepesi kidogo. Alifariki kesho yake, baada ya sala ya asubuhi, kwenye kitanda kile chenye sanduku chini yake.

Ba'mdogo alibeba jeneza. Hajanilaumu kwa mdomo, lakini hajawahi kulitaja jambo lile mbele yangu. Na mimi kuna usiku naamka nikiwaza kama mashine ingempa miaka miwili. Labda. Ninachojua ni kwamba asingeitumia kwake.

Sisi ni watu wa wosia. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, na mpaka leo tunausoma kama urithi. Tunausia mashamba, madeni, ndoa, kaburi. Lakini kati ya afya na kaburi siku hizi kuna sehemu ndefu inayoitwa hospitali, na hapo tunamwacha mzee mikononi mwa yeyote mwenye kalamu. Maswali yenyewe si mengi. Kipimo hiki kitabadilisha nini? Tukipata jibu, tutafanya nini nalo? Tiba hii itanirudisha wapi? Kitu gani nikikikosa, msiniongezee siku? Na kipi kidogo ninachokihitaji ambacho hamkioni?

Mwezi uliopita nilijaribu kumuuliza mama yangu. Ana miaka 66, ana presha, anajiona kijana. Alikuwa anamenya muhogo. Aliacha kisu, akanikazia macho.

"Wewe, unanichuria?"

Nikasema hapana mama, nauliza tu. Akaendelea na muhogo, tukahamia habari za bei ya mafuta ya kula. Nilirudi Dar nikiwa nimeshindwa. Baada ya siku mbili ukaja ujumbe wa sauti, wa sekunde chache, na kelele za kuku nyuma yake: "Lile swali lako. Nimelifikiria. Ukija Idi tutaongea, lakini aje na kaka yako, asikie yeye mwenyewe."

Nimeshamwambia kaka. Anasema ana kazi nyingi, ila atakuja.