Wimbo wa Kijana Asiye na Mahari

Jioni hapa Mwigobero huziacha nyimbo za simu yangu zijichague zenyewe. Juzi ulilia wa Salum Abdallah wa Morogoro, kisha ukafuata "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliutia katika sahani ya santuri. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika yao huko Marekani.

Watu huupiga arusini, kumbe ni kilio cha kijana aliyekosa fedha za kuoa! Mimi karani wa parokia nawafahamu wa namna hiyo: wanalea watoto, lakini majina yao hayamo katika kitabu cha ndoa, maana ng'ombe hawajatimia.

Wazazi wenzangu, tupokee wachache leo, ndoa ifungwe, waliobaki watafuata.