Taa Haipiki Maharagwe

Tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi darasani, mifano yetu huwa ya mbali: viwanda vya mataifa makubwa, barafu inayoyeyuka, mikutano ya marais. Katika insha hii nataka kutumia mfano wa karibu, nao ni nyumba yetu huko Nzahaha, wilayani Rusizi. Hoja yangu ni kwamba sera ya nishati inaweza kufanikiwa kuleta taa sebuleni huku ikiacha mzigo mzito zaidi jikoni, na kwamba mzigo huo unazidi kila mvua inapobadilika.

Nianze kwa kukiri mafanikio. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa takribani asilimia 61 ya kaya za Rwanda zilikuwa na umeme, wa gridi au wa jua. Nyumbani kwetu umeme ulifika nikiwa shule ya sekondari. Tangu hapo mdogo wangu anasoma usiku bila kibatari, baba anachaji simu bila kupanda pikipiki hadi senta, na kinyozi wa jirani amepata kazi. Hayo si mambo madogo.

Hata hivyo, mama anapenda kusema, "Mwanangu, taa haipiki maharagwe." Nilipoanza chuo niliamua kuipima kauli yake kwa hesabu. Kwa bei zilizotangazwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, mwezi Januari 2020, uniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja, kuanzia hapo hadi uniti 50 ilikuwa faranga 212, na zaidi ya 50 ilikuwa faranga 249, kabla ya kodi. Jiko dogo la umeme la wati 1,000 hula uniti 1 kwa saa. Maharagwe makavu huhitaji kama saa 3. Kwa hiyo familia inayochemsha maharagwe kila siku ingemaliza uniti zake za bei nafuu kwa siku 5 tu, na kwa mwezi mzima ingetumia uniti 90, yaani faranga 18,715, hata kabla ya kuwasha taa. Kwa mkulima wa mihogo na ndizi, fedha hizo zinashindana na daftari, bima ya afya na sabuni. Mama hakuhitaji kikokotoo kulijua hilo.

Ndiyo maana kuni zinabaki. Serikali yenyewe inalitambua tatizo: mpango wa maendeleo wa 2017 hadi 2024 uliweka lengo la kupunguza kaya zinazopikia kuni kutoka asilimia 83 hadi 42. Katika Jimbo letu la Magharibi, mradi wa Tubeho Neza ulianza kugawa majiko banifu kwa kaya maskini mwaka 2014, na gharama zake zilitegemewa kurudishwa kwa kuuza hati za kaboni nje ya nchi. Jiko banifu hupunguza kuni na moshi, lakini bado linakula kuni. Na anayezitafuta kwetu ni mdogo wangu wa kike mwenye miaka 14. Akitoka shuleni anapanda mlima, anarudi na mzigo kichwani jua likizama, kisha ndipo anafungua daftari chini ya ile taa tunayoisifu.

Hapa ndipo tabianchi inapoingia. Mwinuko ulio nyuma ya nyumba yetu umepandwa mikalitusi. Miti hiyo ni benki yetu: ni kuni, ni nguzo za nyumba, na ni karo inapobidi. Lakini pia ndiyo inayoshika udongo. Mvua za itumba na za umuhindo siku hizi huchelewa, kisha hushuka zote kwa pamoja. Mwezi Mei 2023 watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi, wengi wao katika wilaya za kaskazini ya jimbo letu. Chini yetu, katika bonde la Bugarama, mto Rubyiro ukifurika huzamisha mashamba ya mpunga. Mwaka huu mama anataka tukate miti yote tuiuze, kwa kuwa bei ya kuni imepanda na karo yangu haijakamilika. Baba anaogopa mlima. Wote wawili wana haki, na mimi ambaye karo ni yangu sina uso wa kumpinga yeyote. Nimependekeza tukate nusu ya juu na kuacha safu iliyo karibu na nyumba, maana mkalitusi uliokatwa vizuri huchipua tena. Hatujaafikiana bado.

Mtu anaweza kusema dawa ni kuzalisha umeme mwingi zaidi ili ushuke bei. Rusizi ni mahali pazuri pa kuichunguza hoja hiyo. Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu, una kituo cha Ruzizi II kilichoanza mwaka 1989 kwa ubia wa Rwanda, Burundi na Kongo, na Ruzizi III ya megawati 206 imepangwa. Lakini umeme wa maji hutegemea mvua. Mwaka 2004 maji ya maziwa ya Burera na Ruhondo yalipungua, vituo vya Ntaruka na Mukungwa vikadhoofika, na nchi ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli. Bei ya uniti ilipanda hadi faranga 112 kufikia 2006. Ukame ulichangia, lakini pia kinamasi cha Rugezi kilikuwa kimekaushwa na kulimwa. Kilipohifadhiwa, maji yalianza kurudi. Wilayani kwetu pia kuna kituo cha Gishoma cha megawati 15, kilichojengwa kuchoma nyiramugengeri, yaani mabaki ya mimea yaliyolala kwenye vinamasi kwa maelfu ya miaka. Nishati hiyo ni ya nyumbani, haiagizwi bandarini, lakini kuichoma ni kuachia hewani kaboni iliyokuwa imefungwa ardhini. Asiyefunza kinamasi kuhifadhi maji leo atanunua dizeli kesho.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, takwimu za nishati zihesabu majiko kama zinavyohesabu taa. Pili, pawepo bei maalumu ya umeme wa kupikia, au ruzuku ya mtungi wa kwanza wa gesi na jiko lake, kwa kaya za vijijini. Tatu, anayebakiza miti kwenye mteremko alipwe kitu. Ikiwa moshi uliopunguzwa jikoni mwetu unaweza kuuzwa kama hati ya kaboni, basi mti ulioachwa usimame nao una thamani, na thamani hiyo ingefaa imfikie mwenye mlima kabla ya siku ya kulipa karo.