Dawa Mbili kwa Pamoja? Tulikaribia Kumpoteza Mama

Jamani, leo tunaandika kosa letu wenyewe. Mama mmoja wa zoni yetu hapa Nyarugusu ametukubalia tulisimulie, ila jina lake tusilitaje.

Mama alikuta uvimbe kwenye titi. Hospitali ya rufaa wakatoa kinyama kidogo, wakapima. Ni saratani, tena ile inayolishwa na homoni za mwili wake. Wakampangia: kwanza dripu za kemo ili uvimbe usinyae, halafu upasuaji, halafu vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka 5 au zaidi. Sisi vijana wa kujitolea tulifuatilia kibali cha kutoka kambini na kumshikia watoto.

Baada ya dripu ya pili tukamkuta na pakiti ya Tamoxifen. Jirani aliyepasuliwa zamani ndiye alimgawia.

"Wanangu, nikitumia zote mbili si nitapona haraka? Nimechoka."

Nywele zilikuwa zimeisha, chakula hakishuki. Tukamwonea huruma, tukajibu, "Mama, inaonekana ni sawa tu." Si dawa za ugonjwa uleule?

Usiku ule roho zetu hazikutulia. Asubuhi na mapema tukamwahi, tukaenda naye kwa nesi. Bahati, alikuwa hajameza.

Nesi hakutugombeza. Akaeleza kwamba kemo inapiga zaidi seli zinazojigawa haraka. Tamoxifen inaizuia homoni isizifikie seli za saratani, basi zinapoa, hazikui. Zikishapoa, kemo inaweza kuzikosa. Tena kila moja inaweza kugandisha damu kwenye mishipa, zikiwa pamoja hatari inapanda. Ndiyo maana kwa kawaida zinafuatana, hazichanganywi. Wapo wamama, hasa waliokoma hedhi, wanaopewa vidonge vya homoni kabla ya upasuaji bila kemo. Lakini hapo anaamua daktari kwa vipimo, si jirani.

Mama akatugeukia. "Kumbe na nyinyi hamkujua?"

"Hatukujua, Mama."

"Sasa mbona mlinijibu?"

Hatukuwa na la kusema. Kambini mtu akivaa fulana ya kujitolea, watu wanamwona kama daktari. Tangu siku hiyo tumekubaliana: tukiulizwa habari ya dawa, jibu ni "Hatujui, twende tukaulize." Na kweli tunaenda naye.

Uvimbe uliokuwa kama ndimu, Mama anasema sasa anautafuta kwa kidole. Zimebaki dripu 2 kabla ya upasuaji. Kibali cha safari ijayo tumeshakiomba.