Dhamana ya Mbali

Ahadi ni deni, na dhamana ni ahadi iliyotiwa katika maandishi. Mtu anunuapo kitu kwa jirani yake hahitaji karatasi. Uso wa muuzaji ndio hati, na kizingiti cha nyumba yake ndicho baraza la madai. Lakini dunia imepanuka. Vyombo vyetu vingi sasa hutengenezwa na mikono tusiyoijua, huvuka bahari tusizoziona, na huuzwa na watu ambao huenda tusikutane nao mara ya pili. Mahali pa uso pamekaliwa na karatasi. Insha hii yahusu karatasi moja ya namna hiyo, na kompyuta moja iliyopatwa na homa, na swali lililozaliwa kwa sababu yake: ahadi ina thamani gani inapokaa mbali na mtu aliyeahidiwa?

Nakaa Runazi, katika wilaya ya Biharamulo, nami ni mwalimu. Mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha sita, amejaliwa kipaji cha kuchora picha zinazotembea. Kazi hiyo haifanywi kwa kompyuta dhaifu. Yataka chombo chenye nguvu, na vyombo vya nguvu vinavyobebeka vilivyo karibu na uwezo wa watu kama sisi ni zile kompyuta mpakato zilizoundwa kwa ajili ya michezo. Basi tulinunua moja Dar es Salaam kwa shilingi 3,200,000, jumla inayokaribia mshahara wangu wa miezi minne. Mchana kijana alichorea. Na jioni, kwa kuwa chombo ni cha michezo, michezo nayo ilichezwa, wala sikuona ubaya. Pamoja na stakabadhi tulipewa karatasi ya dhamana ya miezi 12. Nilizitia zote mbili katika bahasha moja, na bahasha nikaitia sandukuni.

Mwezi wa saba wa dhamana hiyo uliangukia kiangazi. Feni za kompyuta zilianza kulia kwa sauti ya juu hata pale kazi ilipokuwa ndogo. Sehemu ya juu ya vibonye ikawa ya moto kiasi cha kuondosha vidole. Picha zilizokuwa zikipita kama maji zikaanza kukwamakwama kama gari katika tope. Na baada ya nusu saa hivi kioo kilikuwa cheusi. "Mjomba, imezimia tena," kijana alikuwa akisema, na neno lile "tena" lilizidi uzito kila siku.

Yafaa kueleza kidogo asili ya homa hii, maana asiyejua ugonjwa hawezi kudai dawa. Umeme wote unaoingia katika moyo wa kompyuta, baada ya kufanya kazi ya hesabu, hugeuka kuwa joto. Kompyuta ya michezo inapofanya kazi nzito yaweza kula wati 100 au 150, nayo ni sawa na kufungia taa mbili za zamani za wati 60, au zaidi, ndani ya kitu chenye unene wa kitabu. Joto hilo huchukuliwa na mirija ya shaba iliyozibwa, yenye maji machache ndani yake. Maji hugeuka mvuke upande wa moto, hukimbilia upande wa baridi, huko hurudi kuwa maji, kisha hunywewa na utambi kurudi yalikotoka. Mwisho wa safari, feni hupuliza hewa kati ya mabati membamba na kulitoa joto nje. Kiungo kimoja kikilegea, safari yote huharibika: feni ikizunguka polepole, au vumbi likiziba mabati, au ule mlahaka mwembamba unaounganisha moyo na shaba ukikauka. Joto likikaribia nyuzi 100 za sentigredi, chombo hujilinda kwa kupunguza mwendo wake. Na kama hilo halikutosha, hujizima. Kwa hiyo kule kuzimia hakukuwa ugonjwa wenyewe. Kulikuwa kilio cha mgonjwa.

Katika mji wa Biharamulo yupo fundi hodari. Aliisikiliza kompyuta kama mganga asikilizavyo kifua, akaigeuza, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi stika ndogo iliyofunika parafujo moja. "Mwalimu," alisema, "kazi hii kwangu ni ya saa moja. Lakini nikitoboa lakiri hii, wenye duka watasema nimeiharibu mimi. Nifungue, nisifungue?" Nilimshukuru kwa swali lile kuliko ambavyo ningemshukuru kwa kazi. Mtu mwingine angefungua kwanza na kuuliza baadaye.

Hapa ndipo fumbo lilipo. Msaada uliokuwa karibu, wa bei nafuu na wa uaminifu, ulikuwa umekatazwa. Na msaada ulioruhusiwa ulikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu, kwa njia ya Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Karatasi iliyoandikwa ili kumlinda mnunuzi ilikuwa imemfunga mikono. Tungefungua, tungepata nafuu ya leo na kupoteza haki ya miezi mitano iliyosalia. Tusingefungua, tungetunza haki huku chombo kikiungua. Nilichagua kutunza haki, kwa sababu hii: ikiwa kosa ni la kiwandani, usafi wa fundi ungelificha kwa muda tu, nalo lingerudi baada ya dhamana kufa, wakati ambapo hakuna wa kuulizwa.

Kwanza tulifanya yote yawezekanayo pasipo kugusa parafujo. Kompyuta iliondolewa juu ya kitambaa, maana huvuta pumzi kwa tumbo na kitambaa huziba pua zake; ikawekwa juu ya meza ngumu, ikainuliwa nyuma kwa vipande viwili vya mbao. Matundu yakapigwa brashi laini. Tukapunguza nguvu ya juu ya kichwa chake katika mipango ya umeme, na idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde katika michezo. Kisha tukafungua daftari. Kila siku kijana aliandika tarehe, saa, kazi iliyofanywa, joto la chumba, joto la moyo wa kompyuta kama programu ya kupimia ilivyolisoma, na dakika zilizopita kabla ya kuzimia. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kuwa hata malalamiko bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Tulipoipeleka mara ya kwanza kwa basi, ilikaa huko wiki tatu, kisha ikarudi na maneno mawili: haina kosa. Nilipopiga simu, karani alinieleza kwa upole kwamba waliiwasha siku nzima ofisini na haikuzimia. Bila shaka, alisema, sababu ni jua kali la huko bara na vumbi. Sikukasirika, maana karani hakuwa amewahi kufika kwetu. Nilimwambia kuwa Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi yetu iko juu zaidi. Usiku twajifunika blanketi katika miezi ambayo watu wa Dar es Salaam hulala madirisha wazi. Kama hali ya hewa ingekuwa mshtakiwa, basi mshtakiwa angekamatwa pwani, si Biharamulo. Ni kweli kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi au zaidi kidogo kuliko hewa ya pwani, na feni huchukua joto pungufu kwa kila mzunguko. Ni kweli pia kwamba vumbi letu jekundu ni jingi. Lakini kitu kinachouzwa katika Tanzania hakina budi kuweza kuishi katika Tanzania. Tena kuwasha kompyuta ofisini bila kuipa kazi ni kama kumpima mpagazi akiwa amekaa.

Katika mazungumzo hayo nililazimika kujifunza sheria kidogo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria zetu, ambayo asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, yasema kwa maana kwamba bidhaa inayonunuliwa kwa mfanyabiashara wa bidhaa za namna hiyo iwe na ubora ufaao kuuzwa, isipokuwa kwa kasoro ambazo mnunuzi aliyeikagua angeweza kuziona. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo yamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Maana yake ni nini? Ni kwamba karatasi ya dukani si mwanzo wa haki ya mnunuzi wala si mwisho wake. Hata ile lakiri juu ya parafujo haiheshimiwi kila mahali: huko Marekani, ambako sheria ya dhamana ilitungwa mwaka 1975, tume ya biashara iliziandikia kampuni sita mwaka 2018 kuzionya kuwa haifai kumwambia mnunuzi kwamba dhamana yake imekufa kwa sababu tu amefungua chombo chake au ametengenezewa na fundi mwingine. Sheria ya ugenini haitawali Biharamulo, lakini hoja yake yaweza kusafiri bila hati ya kusafiria.

Mara ya pili tuliipeleka pamoja na nakala ya daftari: kurasa 11, siku 40, na mstari wa mwisho unaosema kwamba katika chumba cha nyuzi 22 moyo wa kompyuta ulifika nyuzi 98 kwa dakika 9 za kazi. Safari hii karani hakuzungumza habari za jua. Fundi wao alifungua, akakuta feni moja kati ya mbili inazunguka kwa nusu ya mwendo wake, na mlahaka haukuenea vizuri tangu kiwandani. Feni ilibadilishwa, mlahaka ukapakwa upya, bila malipo. Chombo kilirudi kimepona, na sasa katika kazi ile ile hakizidi nyuzi 84.

Je, dhamana ilitimizwa? Kwa karatasi, ndiyo. Lakini katika miezi miwili na nusu ya safari na kusubiri, mfanyabiashara mmoja wa Nyakanazi aliyekuwa amemwagiza kijana tangazo la picha alikwisha kumpa kazi mtu mwingine, na fedha ile ndiyo iliyokuwa itumike kulipia nafasi ya chuo. Nafasi ile ilipita. Hakuna kifungu katika karatasi kinachotaja nafasi iliyopita. Dhamana hulipa chombo. Muda wa mtu hailipi. Na muda huo hauchukuliwi sawasawa: aishiye mtaa wa pili kutoka dukani hupoteza mchana mmoja, aishiye Runazi hupoteza msimu. Basi watu wawili walionunua kitu kimoja kwa bei moja hawakununua dhamana moja.

Makampuni makubwa yenyewe yamewahi kulipa deni la joto. Mwaka 2007 Microsoft ilirefusha dhamana ya chombo chake cha michezo, Xbox 360, hadi miaka mitatu, na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa gharama hizo, kwa sababu kupanda na kushuka kwa joto kulikuwa kukipasua viungo vidogo vya ndani. Mwaka 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 196 kwa sababu ya vipande vyake vilivyokuwa vikiharibika ndani ya kompyuta mpakato. Hayakutokea kwa huruma peke yake. Yalitokea kwa sababu wengi waliandika, walihesabu na walidai, hata kunyamaza kukawa ghali kuliko kulipa.

Watu wa upande wetu wa ziwa si wageni wa joto. Warongo wa Buzinza walijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma, na majembe yao yaliuzwa mbali. Tanuru la kuyeyushia chuma hutaka zaidi ya nyuzi 1,000, na joto hilo huletwa na pumzi ya mivukuto. Nastaajabu kwamba pumzi ile ile iwashayo tanuru ndiyo ipozayo kompyuta. Tofauti ni njia iliyotengenezewa. Mhunzi aliyeuza jembe bovu karibu na nyumbani kwake aliweza kurudishiwa asubuhi ya pili, mbele ya majirani. Hakuandika dhamana, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa dhamana.

Hatuwezi kurudisha dunia ya mhunzi na jirani yake, wala sidhani kwamba yatupasa kutamani hivyo, maana mhunzi hakuunda kompyuta. Lakini twaweza kudai kwamba ahadi isafiri umbali ule ule uliosafiriwa na bidhaa. Kama biashara yajua njia ya kuleta chombo Biharamulo, haikosi kujua njia ya kumfanya fundi wa Biharamulo, yule aliyeuliza kabla ya kufungua, kuwa mkono wake halali. Hadi siku hiyo, mnunuzi wa mbali atunze stakabadhi yake, aheshimu hasira yake kwa kuigeuza kuwa hesabu, na asikubali kuambiwa kwamba kosa ni la jua. Kijana ameomba nafasi ya chuo kwa mwaka ujao. Daftari bado liko mezani, na kila Jumamosi huandika mstari mmoja.