Mavazi ya Mpanda Farasi: Niliyoyaona Juu ya Sanya

Dada yangu alinishika mkono tulipotoka katika Misa ya kwanza, akaniambia, "Kaka, nenda ukamwone mtoto. Anasema amepata kazi ya farasi. Mimi farasi nimemwona katika picha za watakatifu tu. Nataka kujua anakula nini, analala wapi, na anavaa nini."

Basi, Jumatatu alfajiri nilikuwa stendi ya Moshi, na kikapu cha ndizi mbivu na chupa ya maziwa mgando magotini. Gari liliuacha mji, likavuka mto Karanga, likavuka na Weruweru, mito iletayo maji baridi kutoka mlimani. Tulipofika Boma Ng'ombe tukageuka kulia, tukashika njia ya Sanya Juu.

Msomaji aliyezoea Kilema, Kibosho au Marangu, ambako migomba na kahawa hufunika nyumba hata jirani humwoni ila moshi wa jiko lake, atastaajabu akifika upande huu wa magharibi. Nchi ni wazi. Mkono wa kushoto umesimama mlima Meru peke yake. Mkono wa kulia Kibo, na mbele yake mgongo mrefu wa Shira. Upepo huvuma mchana kutwa na kuinua vumbi. Nchi ya namna hii ndiyo impendezayo farasi, kwa kuwa ana mahali pa kunyosha miguu.

Babu zetu wa mlimani walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Farasi hawakuwa na habari naye. Waliomleta huku ni Wazungu, na wengi wa farasi wao walikufa kwa mbung'o wa tambarare na kwa maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi tangu jua kutua hata kucha. Lakini watu wa pwani walimjua farasi zamani sana, ndiyo maana lugha yetu haikukosa maneno yake. Saisi ni mtunza farasi. Tandiko ni kiti chake cha mgongoni. Hatamu ni mikanda ya kumwongozea. Na kikuku ni kile chuma kinachoning'inia ubavuni ambacho mpandaji hukanyagia mguu. Siku hizi farasi wamebaki katika mashamba machache, nao hutumika hasa kuwapandisha wageni wanaokuja kutazama nchi na wanyama.

Nilimkuta mpwa wangu nje ya banda, anampiga burashi farasi jike wa rangi ya kahawia. "Tumsifu Yesu Kristu! Shikamoo, mjomba." Nilimwitikia, nikamtazama toka kichwani hata miguuni, kwa kuwa ndilo nililotumwa. Alivaa fulana iliyotoboka begani, kaptura, na malapa. Kichwani hakuwa na kitu.

Lakini juu ya ua wa banda zilianikwa nguo nyingine kabisa: koti la buluu iliyoiva, suruali nyeupe ya kubana, shati jeupe, glavu. Chini yake zimesimama buti ndefu za ngozi, zimepigwa rangi hata unaweza kujitazama usoni. Nikamwuliza ni za nani. Akasema ni za binti wa mgeni mmoja, anajizoesha ili aende Kenya kushindana. Huko Nairobi, katika uwanja wa Jamhuri Park, hufanyika mashindano ya farasi, na watu wa huku wenye farasi huyafuatilia.

"Na hizo zote ni za siku moja?" nikamwuliza.

Akacheka. "Mjomba, usidhani mpanda farasi ana vazi moja. Kila mashindano yana vazi lake, kama padre alivyo na rangi zake za Misa." Akaanza kunieleza huku akipiga burashi.

Ya kwanza ni mashindano ya mwendo. Farasi huingia katika kiwanja cha mita 60 kwa 20, akatembea, akageuka, akasimama, akaenda upande upande, na waamuzi wakatazama utii wake na utulivu wa aliyempanda. Hapo hapana kuruka wala kukimbia ovyo, kwa hiyo vazi ni la heshima: koti jeusi au la buluu iliyoiva, suruali nyeupe, glavu, buti ndefu. Wapandaji wakubwa walikuwa wakivaa hata kofia ndefu ya hariri, iliyosimama kama mtungi.

Ya pili ni kuruka viunzi. Hapa koti lipo bado, na wengine huvaa jekundu, lakini kofia ni ngumu, yenye mkanda wa kufunga kidevuni. Mkanda ukifunguka katikati ya mashindano, mpandaji ni lazima asimame aufunge. Akiruka kiunzi kinachofuata kabla ya kuufunga, anatolewa, hata kama alikuwa anaongoza.

Ya tatu ni mbio za nyikani, kuruka magogo, mitaro na maji. "Hapo, mjomba, fahari yote inabaki nyumbani," akasema. Koti huvuliwa. Juu ya shati huvaliwa kizibao kinene cha kukinga kifua, mgongo na mbavu. Vipo na vizibao vinavyojaa hewa mara moja mtu akirushwa kutoka katika tandiko. Na wapandaji wengi hufunga mkononi kadi yenye habari za afya yao, ili daktari atakayewakuta chini asihitaji kuuliza.

Ya nne ni safari ndefu, ambazo kubwa zake hufika kilomita 160 kwa siku moja, na daktari wa wanyama humpima farasi njiani. Hapo nguo ni nyepesi, na suruali haina mshono upande wa ndani wa paja, maana mshono mdogo tu, ukisugua tangu asubuhi hata jioni, humtoa mtu damu. Na kiatu lazima kiwe na kisigino cha milimita 12 au zaidi, au sivyo kikuku chenyewe kiwe kimezibwa kwa mbele.

"Milimita 12 ni kitu gani?" nikasema. "Ni unene wa kidole."

Hapo akaacha burashi. "Unene huo ndio unaozuia mguu usipenye katika kikuku. Ukipenya, na farasi akashtuka, huwezi kuutoa. Anakimbia nawe huku umening'inia." Akanyamaza kidogo. "Mimi nimelijua jambo hili kwa mguu wangu."

Kumbe wakati wa mvua iliyopita alimpanda farasi kumpeleka majini, na malapa yake yale yale. Ndege akaruka ghafula majanini, farasi akashtuka, mtoto akaanguka, na mguu ukabaki katika kikuku. Aliburutwa hatua ambazo hakuweza kuzihesabu. Mungu alimhurumia, lapa likachomoka, na mguu nao ukatoka. Akanionyesha kovu nyuma ya sikio. Nyumbani hakumwambia mtu, kwa kuogopa mama yake asije akamkataza kazi.

Nikaingia bandani. Ukutani nikaona kofia ngumu sita, zimetundikwa kila moja katika msumari wake. Nikamwuliza kwa nini hakuvaa mojawapo siku ile. Akajibu kwa sauti ya chini, "Hizo ni za wageni, mjomba."

Wasomaji wapenzi, neno hilo lilinikaa moyoni. Mgeni humpanda farasi saa mbili, tena farasi mpole, tena anaongozwa polepole. Saisi humpanda kila siku, na ndiye anayepewa farasi mgeni asiyefunzwa bado. Kama anguko lipo, ni lake zaidi kuliko la mwingine yeyote. Naye ndiye aliyezijua nguo zote hizi, akazifua, akazianika, akazipiga pasi, na hakuwa na hata moja ya kumkinga yeye.

Wala mtu asiseme kwamba hatari ipo mashindanoni tu. Mama mmoja wa Marekani, jina lake Courtney King-Dye, alikuwa mpandaji hodari hata akashindana katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2008, katika yale mashindano ya mwendo wa utulivu. Tarehe 3 Machi 2010 alikuwa akimzoesha farasi tu, siku ya kazi kama siku nyingine. Farasi akajikwaa, wakaanguka wote wawili. Hakuvaa kofia ngumu. Fuvu la kichwa lilipasuka, akapoteza fahamu kwa majuma kadhaa, na baadaye ilimbidi ajifunze upya kutembea na kusema. Tangu hapo wapandaji wengi walianza kuisema wazi habari ya kofia. Mwishowe Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi likaamuru kwamba tangu mwaka 2021 kofia ngumu ni lazima hata katika mashindano ya mwendo, na ile kofia ndefu ya hariri ikaondolewa. Fahari ilipisha uhai, nayo ilichukua miaka mingi kupisha.

Jioni nilizungumza na msimamizi wa banda, kwa adabu, kama ipasavyo mgeni. Nilimwambia kwamba nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo humtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Nikamkumbusha pia kwamba Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba ni aibu kumtumia mtu kama chombo cha kupatia faida tu. Alinisikiliza. Hakunijibu kwa ubaya, wala hakuniahidi kitu.

Kesho yake nilirudi Moshi, nikaenda soko la Memorial, kwenye mitumba. Nilitafuta tangu asubuhi hata adhuhuri, nikapata buti nyeusi za ngozi, soli yake laini isiyonasa, kisigino chake kizima, unene zaidi ya kidole. Nikazinunua, nikampelekea kwa dereva wa gari la Sanya Juu.

Kofia ngumu pia niliiona sokoni, ya bei nafuu, lakini nikaiacha. Sababu yake nataka kila mzazi aijue, hata yule asiye na farasi bali ana kijana wa bodaboda. Ndani ya kofia hiyo mna kitu kama sifongo gumu. Mtu akianguka, sifongo hilo hubonyea na kulipokea pigo badala ya fuvu. Likishabonyea halirudi. Kwa nje kofia yaweza kung'aa kama mpya, na kwa ndani imekwisha kazi yake. Basi kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu hutupwa. Na kofia ya mtumba huwezi kujua imeanguka mara ngapi. Tena kofia haina budi kumkaa mtu sawasawa. Tikisa kichwa, ikicheza, si yako. Na mkanda ufungwe, maana kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Njiani kurudi kijijini nilimfikiri Mtakatifu Martino wa Tours, ambaye sikukuu yake tunaiadhimisha tarehe 11 Novemba. Katika picha yumo juu ya farasi, maana alikuwa askari kabla ya kuwa askofu. Alimkuta maskini langoni mwa mji wa Amiens wakati wa baridi kali, akalikata joho lake vipande viwili kwa upanga, akampa nusu. Na usiku akamwona Kristu katika ndoto, amelivaa lile nusu. Siku zote niliitazama picha ile nikamwona maskini na upanga. Sasa namwona na farasi, nami najiuliza habari za yule aliyemtunza na vazi alilokuwa nalo.

Dada yangu nilimweleza yote, hata la kovu, ingawa kijana aliniomba nisiseme. Alilia kidogo, kisha akauliza, "Na kofia?"

Baada ya Jumapili mbili mpwa wangu alipiga simu. Buti zimemkaa vizuri. Na msimamizi ametoa kofia mbili ukutani, akasema ni za wasaisi. Wasaisi ni watano. Hupokezana; anayempanda farasi mgeni ndiye huvaa. Ni mwanzo, tunashukuru. Lakini vichwa vingine vitatu bado vinangoja.

Basi, ndugu wazazi, mtoto akija na habari njema kwamba amepata kazi, iwe ya farasi, ya pikipiki, ya kubeba mizigo mlimani au ya kupanda miti kukata matawi, tusiulize mshahara peke yake. Tuulize kama dada yangu alivyouliza: anakula nini, analala wapi, na anavaa nini. Na ikiwa sisi wenyewe tumemwajiri mtoto wa mwenzetu, tuanze kutazama ukutani kwetu, tuone ni nini kilichotundikwa hapo kwa ajili ya wageni.