Chura, Mbwa na Kalamu Nyekundu



Mwaka jana, baada ya Idi, sisi kina mama wanne wa mtaa mmoja hapa Mombasa tulikubaliana kuwakusanya wanetu kila Jumapili baada ya sala ya Alasiri, ili tuwasaidie katika insha. Wawili kati yetu ni walimu. Wawili ni mama wa nyumbani, na ukumbi tunaokalia ni wa mmoja wao. Watoto walikuwa kumi na mmoja, wa kati ya miaka sita na kumi, na lalamiko letu lilikuwa moja: shuleni wanapata alama duni katika kuandika, ilhali nyumbani hawanyamazi.

Jumapili ya kwanza tuliwapa kichwa cha insha kama tulivyopewa sisi zamani, wasimulie siku wasiyoisahau. Wadogo waliishia kwenye tarehe. Wakubwa wote waliandika insha moja. Kila mmoja alirauka asubuhi na mapema, kila mmoja alitoka mbio kama mshale, na kila mmoja alidhani anaota ndoto ya mchana. Kijana wetu mmoja alikuwa ametoka Lamu wiki hiyo kwa arusi ya mama yake mdogo, na huko alipanda jahazi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuliandika hata neno moja la jahazi. Tulipomuuliza, alisema hakujua kama linafaa kwenye insha. Tusiwalaumu watoto, vitabu vya mapambo ya insha wanavyovikariri tumevinunua sisi, kwa fedha zetu.

Ndipo mmoja wetu alipoleta kitabu kisicho na maneno. Kinaitwa *Frog, Where Are You?*, kimechorwa na Mmarekani Mercer Mayer, na kilitoka mwaka 1969. Mtoto na mbwa wake wamemfuga chura ndani ya chupa ya kioo. Usiku wakiwa wamelala, chura anatoka. Asubuhi wanamtafuta ndani ya viatu, dirishani, msituni, kwenye mzinga wa nyuki na tundu la bundi, hadi ng'ambo ya gogo moja ukingoni mwa maji. Hakuna neno hata moja la kumsaidia mtoto anayekisoma. Lazima maneno ayatie yeye.

Kitabu hiki kina historia. Wataalamu wa lugha Ruth Berman na Dan Slobin, katika kazi yao ya mwaka 1994, walikusanya masimulizi yake kutoka kwa watoto na watu wazima wa lugha tano: Kiingereza, Kijerumani, Kihispania, Kiebrania na Kituruki. Waliona kwamba watoto wa miaka mitatu huelekea kuitaja kila picha kivyake, na wa miaka tisa huziunganisha kuwa hadithi. Nasi tuliyaona hayo ukumbini. Wadogo walianza kwa “huyu mtoto, huyu mbwa, hiki kiatu.” Kisha kijana wa miaka saba, ambaye hatukuwahi kumwona akiandika zaidi ya jina lake, aliandika: “Chura ameondoka kwa sababu chupa ni ndogo.” Sentensi hiyo haina tamathali wala methali. Ina sababu, na sababu hiyo hakuambiwa na mtu, aliiona mwenyewe.

Tulikuwa na wasiwasi wa mambo mawili, na hatukuyaficha kwa wazazi wenzetu. La kwanza ni picha zenyewe. Khitilafu ya wanazuoni juu ya taswira za viumbe vyenye roho ni ya kale, na sisi si wa kuiamua. Tunachojua ni kwamba imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mama yetu Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na wako wanazuoni waliochukua hapo ruhusa kwa yale ya kuwalea na kuwafunza watoto. Mzazi asiyetulia moyo tunamwekea picha za mashua, nyumba, milango ya kuchongwa na miti. Mashua iliyofungwa pwani na kamba iliyokatika ni hadithi tosha.

La pili ni mbwa. Katika kitabu hicho mbwa hulala kitanda kimoja na mtoto, tena kuna mahali anaanguka dirishani, mtoto anambeba kwa hasira, naye anamramba shavu. Mama mmoja alitaka tukirudishe kitabu siku ile ile. Kabla hatujaamua, binti wa miaka minane alikwisha kuandika: “Mbwa amemramba. Sasa ataosha uso mara saba, mara moja kwa mchanga. Mchanga utamuingia matoni.”

Fikihi yake ilikuwa sawa kwa madhehebu yetu ya Shafi, na huruma yake kwa yule mtoto ilikuwa juu ya fikihi. Mama aliyetaka kukirudisha kitabu alicheka hadi machozi. Na sisi, badala ya kucheka naye tukakomea hapo, tulichukua kalamu nyekundu, tukalitia duara neno “matoni”, na juu yake tukaandika “machoni”.

Jumapili iliyofuata binti huyo alikuja, akakaa, hakuandika. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alikuja na nyanya yake, aliyetusalimu vizuri, akanywa kahawa yetu, kisha akasema: “Hilo neno mato nimemfunza mimi. Lile duara hamkumtia yeye, mmenitia mimi.”

Hatukuwa na la kujibu. Kimvita ndiyo lugha iliyotulea, na washairi wakubwa wa mji huu wametunga kwayo. Lakini mtihani unataka Kiswahili sanifu, na hilo pia hatuwezi kuwaficha wanetu. Tulimwomba radhi nyanya, kisha mjukuu. Tangu siku hiyo mtoto huisimulia picha kwa mdomo kwanza, kwa lugha ya nyumbani, na hakuna anayemkatiza. Kisha huandika sentensi moja kwa kila picha. Siku hiyo hatusahihishi chochote. Wiki inayofuata huchaguliwa jambo moja tu, labda nukta, labda herufi kubwa, na mtoto hulitafuta mwenyewe katika maandishi yake. Ukutani tumebandika karatasi yenye safu mbili, ya nyumbani na ya mtihani: mato na macho, kuteka na kucheka. Watoto ndio wanaoijaza, na nyanya yule hutuletea maneno ambayo hata sisi tulikuwa tumeyasahau.

Gharama si kubwa. Kitabu chetu ni kimoja, na watoto hukizunguka. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, una vitabu vya picha vya bure kwenye intaneti, vikiwemo vya Kiswahili, na mtu anaruhusiwa kuvichapa na hata kuyabadilisha maneno yake. Sisi huyafunika maneno kwa karatasi, tukaacha picha. Kalenda kuukuu nazo zinafaa.

Binti yetu alirudi kuandika mwezi uliofuata, tulipofika picha za mwisho. Mtoto anamkuta chura wake pamoja na mwenziwe na vyura wadogo, anachukua kimoja, na anaondoka akiwapungia mkono. Sote tulikuwa tumeisoma kama furaha. Yeye aliitazama kwa muda mrefu, akaandika: “Amechukua mwana wa chura. Mamake hakuulizwa.”